Malalamiko Rasmi Kuhusu Mtoto wa Mbwa Aliyekataa Nyumba

Kwa Dada Mkubwa, mfugaji wa mbwa,

Shikamoo Dada. Salamu hizi nazitoa kwa heshima zote ingawa nina hasira. Leo nakuandikia kama fundi seremala, si kama mdogo wako. Mtoto wa mbwa uliyenipa wiki tano zilizopita ana kasoro. Naomba uje umchukue Jumamosi.

Uliniambia anahitaji vitu vinne: mahali pa kulala, ratiba, kitu cha kutafuna, na mtu. Vitatu nimevitimiza kwa asilimia mia moja. Hicho cha nne nilidhani ni maneno matamu tu ya kuagana. Sasa sikiliza.

1. Kutafuna. Nilimchongea mifupa saba ya mti mgumu, nikaipiga msasa mara tatu mpaka ikang'aa. Hakugusa hata mmoja. Siku ya pili akaifuata rula yangu ya mbao, ile niliyoanzia nayo kazi nikiwa na msumeno wa kuazima, akala sentimita kumi na mbili za mwanzo. Sikupiga kelele. Nilikata ncha ikawa sawa, nikaamua nitakuwa naongeza kumi na mbili kichwani. Kwa hesabu unanijua.

2. Ratiba. Nimeibandika ukutani: chakula saa moja, mchezo saa nne na robo kwa dakika kumi na tano, usingizi saa nane kamili. Haifuati. Anachofuata ni miguu yangu. Nikienda kwenye randa, yuko. Nikiingia msalani, analia mlangoni kama nimesafiri. Juzi nilihesabu: nimemkwaa mara thelathini na moja kwa siku moja. Wifi yako kampa jina la Gundi.

3. Nyumba, na hapa ndipo penye kidonda. Siku ya tisa nilimjengea nyumba yenye paa la mteremko, dirisha, na mlango wa sentimita arobaini kwenda juu na thelathini upana. Alichungulia, akanitazama, akaenda kulala juu ya ndala yangu ya kushoto. Wifi yako akauliza, "Mume wangu, hii umemjengea mbwa au panya?" Nikamwambia asiyejua vipimo huona kila kitu kidogo. Fundi cherehani wa jirani alicheka mpaka uzi ukamkatikia.

4. Kazi yangu inaharibika. Mwalimu mkuu amerudisha kabati, eti vitabu havisimami ndani. Nilimjibu kwa adabu kwamba vitabu vya siku hizi vimerefuka. Lakini moyoni najua mchawi ni nani. Huwezi kupima mbao huku kuna mtu chini ya meza anakutazama kana kwamba wewe ndiye uliyeumba mifupa.

5. Furaha isiyo na uwiano. Nikipeleka meza kwa mteja, dakika ishirini tu, nikirudi anazunguka, anaanguka, ananikojolea viatu. Hata siku ya harusi yangu sikupokewa hivyo. Dakika ishirini, Dada!

Kwa hiyo njoo na kikapu. Ukiniletea mwingine, awe ni wa kulala pale anapojengewa. Nyumba nayo uichukue, maana yenyewe haina kosa.

Nisalimie shemeji na wapwa zangu wote. Mama yake Gundi naye mfikishie salamu, umwambie kwa upole kwamba simlaumu kwa malezi.

Ni mimi nduguyo, mtu wa vipimo,
Fundi

Nyongeza: Nilitaka kukutajia ukubwa wa kikapu, nikaisimamisha rula kando ya Gundi. Namba iliyogusa sakafu ilikuwa kumi na mbili. Dada, nilikaa chini. Ile kumi na mbili sijaiongeza hata siku moja. Mlango wa arobaini ni ishirini na nane, na ule upana wa thelathini ni kumi na nane. Mtoto wa watu hakuikataa nyumba, haingii! Kesho nakwenda kwa mwalimu mkuu kuviomba radhi vitabu vyake.

Mlango nimeupanua. Aliingia, akanusa, akatoka, akairudia ndala akaingia nayo. Bado hakulala mpaka nilipokaa kando na kumwekea mkono ndani. Umo mpaka sasa, ndiyo maana mwandiko umepinda. Jumamosi njoo, ila kikapu kiache. Niletee rula.