Dakika Tatu na Sekunde Ishirini

Jumatatu, 9 Juni

Ujumbe kutoka kwa binti yangu! Wa kwanza kuniandikia mimi mwenyewe tangu aondoke, miaka mitatu sasa. Meli anayofanyia kazi ya udobi inatia nanga hapa Ijumaa jioni. Watalii watashuka kutembea mjini, na yeye kapewa ruhusa ya saa tatu, kuanzia kumi na moja hadi mbili. Anauliza kama ningependa tuonane.

Kama ningependa! Nimejibu: "Sawa." Nilitaka kuandika zaidi, nikaona nitamjazia simu bure.

Siku aliyoondoka nilimwambia aende akafue shuka za watu, na asiniite baba tena. Sikumsindikiza. Nilikuwa kazini, napanga mabasi ya mwisho wa mwezi. Lazima nimwombe radhi. Ana kwa ana, na kwa utaratibu.

Jumanne, 10 Juni

Ratiba tayari. Miaka ishirini na sita napanga mabasi ya kituo kizima; nitashindwa na binti mmoja? Saa 11:00 kumpokea kwenye geti la bandari. 11:20 nyumbani, aone chumba chake kilivyopakwa rangi. 11:50 kaburi la mama yake. 12:20 kituoni kwangu, wenzangu wamwone. 12:45 picha studio. 1:10 chakula na ndugu kumi na wawili. 1:40 kuomba radhi, dakika tano. 1:45 kurudi bandarini. Radhi nimeiweka mwisho, isije ikatuharibia chakula.

Shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, ni fundi cherehani. Kaisoma ratiba pini zikiwa mdomoni. Akazitoa, akauliza mtoto atapumzika saa ngapi. Nikamwonyesha: ndani ya teksi. Akasema yeye angemngoja getini na chupa ya chai, basi. Chai! Saa tatu nzima za kukaa tu! Ndiyo maana mteja wake akiahidiwa gauni Jumatano analiona Jumamosi.

Jumatano, 11 Juni

Mazoezi. Dereva wa teksi, yule tunayemwita Polepole, kanizungusha njia yote. Koti langu lilikaa kiti cha nyuma badala ya binti. Tumemaliza na dakika sita mkononi! Ilikuwa saa nane mchana, barabara tupu. Koti nimelisahau studio.

Nimefanya mazoezi ya radhi pia, mbele ya kioo. Mara ya kwanza, sekunde kumi na moja. Haraka mno, kama naagiza tiketi. Mara ya pili nilifika kwenye "mwanangu" sauti ikakatika. Nikanywa maji. Mara ya tatu vivyo hivyo. Dakika tano zitatosha, nadhani.

Alhamisi, 12 Juni

Shemeji kapita tena. Ati nikaulize getini, kasikia meli zina saa zake, hazifuati za mji. Mimi! Nifundishwe saa na fundi cherehani! Nimemjibu kwa heshima kwamba saa kumi na moja ni saa kumi na moja, hata baharini. Akaenda zake. Nimeshinda.

Fundi rangi hakutokea. Kaahidi kesho asubuhi bila kukosa.

Jumamosi, 14 Juni

Jana sikuandika. Sikuweza.

Fundi rangi alikuja saa nane mchana. Mimi nilifika getini saa kumi na dakika hamsini na tano, kibao chenye jina la binti mkononi. Kwenye benchi nje ya geti alikuwa amekaa binti mwenyewe. Amekonda. Kavua viatu. Kando yake shemeji, chupa ya chai katikati yao, na wanacheka. Binti akasimama, akaniamkia. Nikasahau kuitikia. Nikauliza amefika lini.

Saa nzima iliyopita! Meli imetoka bandari za mashariki, na saa zake ziko mbele ya za mji kwa saa moja. Alisema ameishi na saa za meli mpaka kasahau kwamba kuna nyingine, na akaniomba nimsamehe. Yeye! Akaniomba mimi! Haikuwa kwenye ratiba, nikaitazama saa yangu.

Shemeji alimwuliza mlinzi wa geti tangu juzi. Swali moja tu.

Tulibakiwa na saa mbili tu, hadi saa moja ya mji. Binti akasema tukae palepale, chai bado ya moto. Mimi nikatoa kalamu. Nikapunguza kila kitu kwa theluthi, hata radhi: dakika tatu na sekunde ishirini. Nikampakia kwenye teksi viatu mkononi.

Nyumbani aliegemea ukuta kwa kiganja, rangi bado mbichi, akawa anakitazama kitanda chake. Nikamwambia muda umekwisha. Kaburini alipiga magoti. Nilihesabu. Mungu anisamehe, nilihesabu. Kisha nikakohoa, akainuka na udongo magotini.

Barabarani tukakwama. Mabasi kumi na moja yametoka kituoni kwa mpigo mmoja, yameziba njia panda. Polepole akauliza ni mpuuzi gani aliyeyapanga. Nikatazama nje. Kituo na studio vikafutwa. Ndugu kumi na wawili wakapewa mkono mlangoni kwangu kwa foleni, na chakula akafungiwa kwenye mfuko.

Tulifika getini zikiwa zimebaki dakika tatu. Pungufu sekunde ishirini! Nilisimama na saa yangu. Kuomba radhi kwa kulipua ni dharau, nikajiambia. Binti akaniangalia, akauliza, "Baba, ulitaka kuniambia kitu?"

Nikamwambia rangi itakauka kesho.

Akaitikia kwa kichwa. Akaingia na mfuko wake, mkono mmoja una rangi.

Jumapili, 15 Juni

Shemeji kaniletea koti kutoka studio. Hakutaka kuingia ndani. Kasimama mlangoni akaniambia kwamba katika saa ile ya benchi mtoto alikuwa na swali moja: kama baba bado ana hasira. Yeye akamjibu amwulize baba mwenyewe.

Alipoondoka niliingia chumbani kwa binti. Kiganja kipo ukutani, vidole vyote vitano. Nikaweka changu juu yake. Nimelia. Naandika kama ilivyokuwa.

Halafu ujumbe! Meli inarudi mwezi wa kumi na moja. Safari hii anapewa saa nne! Anasema hahitaji kupelekwa popote, tukae tu.

Nimechukua karatasi mpya. Kosa nimeliona: nilikuwa na saa moja tu mkononi. Kesho nanunua ya pili, ya kufuata meli. Saa nne zinabeba vituo tisa bila wasiwasi. Kukaa nako nimekupangia, dakika saba, kabla ya studio. Fundi rangi atakuja mwezi wa kumi akifute kile kiganja, chumba kiwe nadhifu.

Radhi nimeiongezea mpaka dakika kumi kamili. Nimeiweka mwisho.