Mhandisi wa Mtaro wa Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Nimechagua kazi ya maisha yangu. Imenichukua kikombe kimoja cha chai.

Chanzo ni baba yake Mchumba, mwalimu mstaafu wa hesabu. Jana aliniuliza mbele ya watu nasomea nini. Kuuza makava ya simu, alisema, si taaluma, ni shughuli. Na pale kwenye kochi alikaa Mfamasia, suruali imepigwa pasi mpaka inakata, anangoja nijikwae amchukue Mchumba wangu. Nikaahidi kumletea Mzee jibu leo.

Nimefikiri kwa kina. Nikisema udaktari, wataniletea vidonda. Sheria, wataniletea kesi za mipaka. Ualimu, Mzee mwenyewe atanisahihisha. Lakini uhandisi wa ujenzi! Nani humwomba mtu daraja sebuleni? Tena masomo yake ni ya miaka. Kufika siku ya kuulizwa cheti, tutakuwa na watoto watatu.

Nikaenda, nikasema nimejiunga na chuo, masomo ya jioni. Mzee akanishika mkono kwa mikono miwili. Mfamasia akakohoa. Dawa anazo, ajitibu.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Mzee ameomba daraja.

Mbele ya lango lake kuna mtaro mpana wa maji ya mvua. Ubao wa kuvukia umeoza, juzi ulimmeza mguu hadi gotini. Akasema haoni haja ya kutafuta fundi ilhali nyumbani ana mhandisi. Nyumbani! Neno hilo lilinipanda kichwani kama soda. Nikajibu ni jambo dogo, Mzee, Jumamosi utavuka.

Mchumba alinisindikiza hadi barabarani. Anafundisha darasa la pili, humjua mwongo kabla hajafungua mdomo. Akanisihi nimwambie baba yake ukweli. Yeye hajali makava wala madaraja, ananipenda nilivyo.

Nikacheka. Mapenzi humpumbaza mtu, maskini.

Jumatano, 6 Machi

Upimaji. Sikupata ile kofia ngumu ya manjano, nikavaa helmeti ya pikipiki. Nimepima mtaro kwa utepe wa Mama wa kupimia nguo. Mzee aliniuliza maswali mawili matatu, lakini ndani ya helmeti husikii kitu. Nikaitikia yote kwa kichwa. Akafurahi sana.

Baadaye Mchumba akanieleza nilichokubali: daraja la kupitisha gari. Gari la nani? Mwenye gari ni Mfamasia peke yake! Yaani namjengea adui njia ya kuingilia.

Mama akauliza kwa nini utepe wake unanuka mtaro. Nikamwambia ni sayansi. Akasema njia ya mwongo ni fupi. Nikamjibu ndiyo maana inahitaji daraja. Hakucheka.

Alhamisi, 7 Machi

Nimezunguka kuangalia madaraja ya watu. Nimegundua kosa la wahandisi wote. Wanaacha uwazi chini! Kitu kilichokalia hewa kitaachaje kuanguka? Langu halitakuwa na uwazi. Chini kabisa matairi mabovu, juu yake mawe, kisha magunia ya mchanga, na zege juu kabisa. Nashangaa hakuna aliyewaza hivyo kabla yangu.

Mchumba alipita akitoka shule, akasimama, akatazama mtaro uliojaa hadi ukingoni.

"Na maji yatapita wapi?"

Nikamwambia asihangaike, maji yana akili yake.

"Afadhali maji," akasema, akaenda zake.

Nimefurahi. Ameanza kuielewa taaluma.

Jumamosi, 9 Machi

Uzinduzi! Mzee alikata utepe. Ulikuwa ule wa Mama. Mama hajaambiwa.

Mfamasia akapitisha gari. Nikaomba kimoyomoyo liporomoke naye. Halikutikisika! Nikafurahi na kukasirika kwa pamoja. Akateremka, akarukaruka juu yake, akasema hajapata kuona daraja gumu namna hii. Mnafiki, lakini macho anayo.

Baada ya kula, Mzee akasema Jumapili ijayo nilete wazee wangu. Wazee! Wazee huletwa kwa jambo moja tu. Nimerudi nyumbani natembea kama mwenye mji.

Jumatatu, 11 Machi

Mvua tangu alfajiri.

Daraja limesimama imara. Nataka hilo liandikwe kwanza.

Maji yalishuka, yakakuta njia imefungwa, yakageuka. Yakapita langoni kwa Mzee, yakaingia sebuleni bila hodi. Nilipofika, kochi lilikuwa linaelea. Vitabu vya hesabu vinaogelea, vingine vimeshavuka ukumbi. Mfamasia kakunja suruali, kambeba Mzee mgongoni anamtoa nje. Kujipendekeza gani huko!

Mzee akaninyooshea kidole kutoka huko juu.

"Kijana! Hili si daraja. Hili ni bwawa!"

Nikataka kumweleza kwamba mabwawa ni magumu zaidi, husomwa mwaka wa nne. Mchumba akanikanyaga mguu ndani ya maji.

Jumanne, 12 Machi

Mchumba amepiga simu. Kesho niende kwa baba yake, niseme kwa mdomo wangu kwamba chuo sijawahi kukikanyaga. Nikisema, atasimama upande wangu hata baba yake apasuke kwa hasira. Nisiposema, nisimtafute tena. Hakupandisha sauti hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha.

Nampenda yule mwanamke. Naandika hapa kwa kuwa hapasomwi na mtu.

Nimefanya mazoezi mbele ya kioo: Mzee, mimi ni muuza makava. Mama alisikia akiwa uani, akasema Mungu mkubwa.

Jumatano, 13 Machi

Nikafika. Shikamoo. Marahaba, lakini kavu kuliko kitu chochote kilichobaki nyumba ile. Kochi limeanikwa nje, tukakalia vigoda. Mchumba kasimama mlangoni, ananitia moyo kwa macho.

"Mzee, mimi..."

Hodi! Akaingia Mama Mapacha, jirani wa kule mtaro unakoteremkia, pamoja na mwenyekiti wa mtaa. Mama Mapacha kila masika nyumba yake hujaa maji. Juzi, kwa mara ya kwanza, pakavu kabisa! Amekuja kumshika mkono mhandisi aliyeyazuia. Mwenyekiti naye akasema paa la soko linavuja, mafundi wamemchosha, anatafuta mtaalamu.

Wote wakanitazama. Mzee akanitazama. Mchumba akanitazama kuliko wote, akatikisa kichwa polepole.

"Msijali," nikasema, "ndiyo kazi yetu."

Mchumba akaingia ndani, akafunga mlango. Nadhani alikwenda kuchemsha chai. Mzee akainamisha kichwa, bila shaka anapiga hesabu ya posa. Nimengoja sana pale kigodani. Chai haikuja. Lazima kiberiti kimelowa.

Kesho naanza na paa. Nimelipitia wakati wa kurudi, na kosa nimeshaliona: wameliinamisha. Paa linaloinama litaachaje kumwaga maji? Langu litalala kama meza.