Seksio Isiyo na Mama Mkwe

Jumatatu, 6 Oktoba 1958. Baraka.

Kosa la watu wengi wanapochagua masomo ni kuuliza: nitapata nini? Swali la mtu mzima ni: nitakutana na nani? Nilieleza hivyo darasani leo, kwa utulivu. Nina miaka arobaini na mmoja, nilifundisha watoto kwa miaka kumi na mitano kabla ya kuingia mwaka wa kwanza wa chuo hiki. Vijana wakacheka. Isidore, wa miaka kumi na tisa, akasema Baba Placide anaogopa mihogo.

Siogopi mihogo. Nilichagua seksio, yaani tawi la masomo, ya kilimo kwa sababu mihogo haijibu. Lakini Mkuu wa chuo ametangaza kwamba wiki ijayo wanakilimo watakagua mashamba ya pamba, kuona kama mashina ya zamani yameng'olewa. Mkaguzi husimama mbele ya shamba na kuita kwa sauti jina la mwenyewe. Orodha imebandikwa. Shamba langu la kwanza: la Mama Mkwe!

Nieleze, asije mjukuu akasoma asielewe. Kwetu mwanamume hamtazami mama wa mke wake usoni. Akimwona njiani, anaingia majanini. Na jina lake halitamki, hata akiwa peke yake na mlango umefungwa. Mimi niliite mbele ya watu, nimevaa kaputula ya chuo!

Kubadilisha seksio, mwisho Jumamosi saa sita mchana. Baada ya hapo hakuna, miaka mitatu. Asiyerudisha karatasi ya kuthibitisha seksio yake anarudisha kaputula na kwenda nyumbani. Na nafasi yangu ya ualimu imeshachukuliwa.

Jumanne, 7 Oktoba.

Nimepata! Uuguzi. Muuguzi haiti jina, anasema tu "mwingine!" Nimekwenda zahanati kuchungulia. Akina mama walikuwa kwenye mstari wa sindano. Sindano yenyewe haipigwi mkononi. Inapopigwa sitapaandika. Na wa tatu kwenye mstari, nani? Nimetorokea dirishani. Kaputula imepasuka.

Jumatano, 8 Oktoba.

Ukarani! Meza, mashine ya kuandika, ukuta. Wanawake hawalipi kodi. Usalama mtupu.

Isidore, bila kuulizwa, amenikumbusha sensa. Karani anaingia kila nyumba, anaita kila jina, na anauliza umri. Umri wake! Kijana akaongeza: "Baba Placide, seksio ya kuoa tena haiko?" Darasa zima likapiga meza. Mtoto huyu hatapata wakwe popote.

Alhamisi, 9 Oktoba.

Akili ya mtu mzima! Anayepaswa kuhama si mimi, ni Mama Mkwe. Shamba la msafiri halikaguliwi. Basi nimeandika barua, kwa mkono wa kushoto, kana kwamba inatoka kwa kaka yake wa Kilembwe, ambaye hajui kuandika, barua zake huandikwa na yeyote aliye karibu. Dada, naumwa, tumbo linanguruma kama lori mlimani, njoo ukae nami miezi miwili. Useni, mchuuzi atokaye huko, nimemwambia imedondoka kutoka kwenye mzigo wake. Ameifikisha.

Jioni. Nilisahau jambo moja. Mama Mkwe hajui kusoma, na ingawa Adolphine anazijua herufi, msomaji rasmi wa barua katika ukoo wao ni mmoja. Mimi.

Nimeisoma nikiwa nyuma ya ugo wa matete, yeye upande wa pili, mke wangu Adolphine katikati. Nimeisoma vizuri mno. Mama Mkwe amelia. Kisha nikasikia: "Adolphine, mwambie mukwe wangu, batu ba kule hawajue dawa. Ye alisoma. Kesho kutwa tutaenda naye Kilembwe."

Kesho kutwa ni Jumamosi!

Ijumaa, 10 Oktoba.

Sijala. Nikienda, chuo kimekwisha. Nikiungama, nimemlaza mjomba wa mke wangu kitandani kwa wino, na wazee watataka mbuzi.

Nimekimbilia ugoni nikasema kuna maneno pembeni sikuyaona: mgonjwa amepata nafuu. Mama Mkwe akajibu kwamba nafuu ya ghafla ndiyo huua. Adolphine akaitazama barua kwa muda mrefu. Akauliza mbona mwandishi wa Kilembwe anazifunga barua zake kwa "Amani na Maendeleo", kama mimi. Nikaeleza kwamba elimu imeenea. "Imeenea kweli," akasema.

Jumamosi, 11 Oktoba.

Alfajiri nimefunga mzigo. Mama Mkwe hayupo. Yuko chuoni! Alikwenda na Adolphine kuniombea ruhusa. Mkuu akasema ruhusa ipo, lakini seksio je? Wiki hii nimemsumbua mara tatu. Mama Mkwe akataka kujua seksio ni nini. Akaelezwa. Akasema ukoo wenye mgonjwa hauulizi mara mbili. Adolphine akatoa karatasi yangu, akaandika, mama yake akaweka dole gumba: uuguzi. Miaka mitatu!

Saa saba kaka yake ameingia Baraka na magunia ya karanga, mzima, amenenepa. Mama Mkwe hakushtuka hata kidogo. "Unaona! Mukwe hajaanza hata kusoma, na umepona." Kaka ameapa kwamba hakuugua. Ameambiwa ugonjwa mbaya hujificha hata kwa mwenyewe.

Jumapili, 12 Oktoba.

Salamu za Mama Mkwe kutoka ng'ambo ya ugo. Mazoezi ya zahanati yanaanza Jumanne, na Mama Mkwe hatapigwa sindano na mtu mwingine yeyote. Atafunika uso kwa kikwembe, kitenge chake, heshima isivunjike. Uso!

Lakini mtu mzima hukaa akalitafuta kosa lake, na langu nimeliona: niliandika kwa jina la mtu anayeweza kutokea na karanga. Daktari wa Albertville, mji wa mbali, hawezi kutokea. Yeye ataeleza kwa barua, mkono wa kushoto tena, kwamba mimi huzimia nikiona damu, na kwamba kilimo kinanifaa.

Leo hii: kanunue bahasha.