Buibui wa Muyinga Walivyoniumbua Gitega

Leo nimeaibika mbele ya maprofesa watatu hadi masikio yakawaka moto. Naandika hii nikiwa bado Gitega, kwenye ngazi za chuo, shati limelowa jasho.

Mnajua leo nilikuwa natetea memwari yangu, ile tasnifu ya kumaliza chuo. Mwaka jana nilifeli. Kuna shule Ryansoro imenishikia nafasi ya kufundisha biolojia, na mkurugenzi alishaniambia nikifeli tena anampa mwingine. Kwa hiyo sikulala. (Nililala kidogo. Uongo wa leo unatosha.)

Mada yangu ni buibui wa visiwani. Jamani, ni mambo matamu. Buibui wachache wanapeperushwa na upepo, wanatua kisiwani katikati ya bahari. Vizazi na vizazi, wajukuu wanagawana maisha: huyu anasuka utando, yule anaacha kabisa kusuka, anawinda kwa miguu. Wa kwenye majani anakuwa wa kijani, wa kwenye magome wa kahawia. Mwishowe ni aina nyingi, zote za ukoo mmoja.

Ningeishia hapo ningekuwa salama. Lakini mimi na sifa! Nikamwomba mama, aliyeko Muyinga, anikamatie buibui wa nyumbani niwe na mfano hai. Akanitumia wawili kwa basi, kila mmoja na chupa yake. Mmoja mkubwa, miguu mirefu, ana njano mgongoni. Mwingine mwekundu, mdogo kama punje ya mchele. Sikumuuliza kitu. Nikajiandikia mwenyewe: aina ya bustanini, aina ya jikoni.

Basi nikaweka chupa mezani, nikatangaza kwamba hata uani kwa mama kuna visiwa vyake, na hizi ni aina mbili zilizotengana. Mwenyekiti, profesa mama mmoja mkimya, akachukua lenzi. Akamtazama yule mdogo muda mrefu. Akauliza kila mmoja alikamatwa wapi. Nikasema anajua mama. Akasema nimpigie aliyewakamata, na niweke spika.

"Mama, wale buibui uliwatoa wapi na wapi?"

"Wapi na wapi nini? Nilibakuta mu utando moja, pale ku mugomba. Si iko bwana na bibi yake? Nikaweka kila mutu mu chupa yake, juu ule mwanamuke mukubwa anaweza kula bwana njiani."

Profesa wa kwanza akavua miwani, akajifuta machozi. Wa pili akalaza kichwa mezani. Mama bado yuko hewani, anauliza kama wamefika salama.

Mwenyekiti peke yake hakucheka. "Sasa nieleze wewe. Kwa nini hawa si aina mbili?"

Nilitaka kulia. Nikasema ukweli tu: "Kwa sababu hawajawahi kutengana. Wale wa visiwani walitenganishwa na maji miaka mingi mno, kila kundi likazaana peke yake hadi likawa kitu kingine. Hawa walikuwa nyumba moja mpaka juzi, mama alipowatia kwenye chupa."

Hapo na yeye akacheka. Wakanitoa nje wajadiliane. Yewe, dakika zile! Nilisoma matangazo yote ya ukutani, hata ya viatu vilivyopotea. Wakaniita: nimepita, kwa sharti nifute ukurasa mzima wa visiwa vya uani. Nikakaa sakafuni palepale. Nimepumua, ndugu zangu. Nimepumua hadi mbavu zinauma.

Haya, chekeni. Mkimaliza, mniite mwalimu.