Namba za Boriti ya Anjelina

Jumatatu, 4 Agosti

Nimepata cheo! Mtaalamu wa Vipimo, ndani ya karakana yangu mwenyewe, Kizota. Anjelina, mwanafunzi wa uzamili, kaweka boriti ya mpaini juu ya magogo mawili. Katikati, mifuko minne ya saruji. Chini, kipimo cha mshale. Kazi yangu: kila saa, kutwa, niandike imenepa kiasi gani. Siku nne bila kukatiza. Akikosa namba hizi, hasimami mbele ya walimu wake mwezi huu, atangoja mwakani. Nikamwambia asihofu. Mimi nimefanya kazi Lubumbashi na Durban. Shule niliacha kidato cha pili kwa sababu hesabu nilikuwa nimezimaliza.

Jumanne, 5 Agosti

Boriti inanepa kivivu. Thobias, mchomeleaji wa jirani, kauliza kama nalinda maiti. Wivu tu.

Jioni, habari mbaya. Mzee Bartolomayo kafariki. Ndiye aliyenifundisha kushika randa.

Jumatano, 6 Agosti

Kaburi limechimbwa, saruji ya kufunikia hakuna. Mama Elieth, mjane wake, kakaa anatazama ukuta. Nani angevumilia? Nikabeba mifuko yote minne. Tumemzika vizuri. Nimelia kuliko wanawe.

Kurudi saa tisa, boriti imejiinua kama mgonjwa aliyepata nafuu. Nikajaza mchanga kwenye viroba, nikapima uzito, nikavipandisha juu ya boriti. Kilo hamsini ni kilo hamsini. Namba tano zilizokosekana nimezipika: kila saa nimeongeza kidogo, sawasawa. Mstari kama rula. Kazi safi.

Ijumaa, 8 Agosti

Anjelina kaja, kaniamkia, kaingiza namba kwenye kompyuta. Kazipitia tena kwa kidole. Kisha akaniuliza Jumatano mzigo ulikuwa wapi.

Nikaapa haukuondoka. Akanieleza taratibu: mbao ni nusu springi, nusu lami. Kila mzigo unaowekwa na kila unaotolewa huacha alama ndani yake, na mlinganyo huzijumlisha zote. Namba za Alhamisi, akasema, ni za boriti iliyopumzika Jumatano.

Thobias, mlangoni, hakuitwa: “Fundi, hata mbao imekutolea ushahidi.”

Nikakiri. Nikamweleza Anjelina habari ya kaburi. Akakaa juu ya kiroba.

“Pole kwa msiba, Fundi. Ungeandika tu saa ulizotoa mifuko, hesabu ingelibeba hilo. Kilichoniua ni hizi za kupika.”

Macho yalimjaa machozi. Mwakani, basi. Ugali wa mchana sikuugusa. Upepo umevuma vumbi hadi jioni, nami nimekaa humo humo.

Jumatatu, 11 Agosti

Anjelina karudi na boriti mpya. Pengine hakupata karakana nyingine. Kanisihi: lolote likitokea, niandike kama lilivyo. Nimeapa.

Nimelitafakari kosa langu siku mbili nzima, na nimeliona. Mbao hainepi kwa mstari ulionyooka. Huanza kwa pupa, kisha hupunguza mwendo.

Alhamisi nakwenda Kolo, harusi ya mpwa wangu Hana. Namba za Alhamisi nimeshaziandika. Zimepinda vizuri mno.