Kuchaji Pikipiki Ukweni

Ng'ombe mtamba mmoja mzima. Hiyo ndiyo bei niliyochajia pikipiki yangu leo. Nimehesabu mara mbili, hajapungua hata mkia.

Wote mnajua nilinunua pikipiki ya umeme (niliwatangazia mwenyewe, wengine mara tatu). Muuzaji pale kwetu Sakina aliniambia mafuta ni ya watu wasiojua hesabu. Mimi najua hesabu. Nikauza yangu ya mafuta, nikanunua.

Asubuhi nikampakia baba mkubwa, twende Oldonyo Sambu kumposea mdogo wangu Lomayani. Msemaji ni mimi, maana ukoo mzima unajua ninavyobana bei. Hesabu yangu ya chaji ilikuwa safi, ila niliipiga kwenye tambarare, bila mlima na bila baba mkubwa. Kufika Olmotonyi, nusu imekwisha. Kufika ukweni, imebaki alama moja, inawaka na kuzima.

"Ile ya mafuta ulimuuzia nani?" baba mkubwa akauliza, akinyoosha mgongo.

Nikaona waya wa umeme unaning'inia dirishani. Nikachomeka kimya kimya. (Uombe umeme ukweni kabla hata ng'ombe hawajatajwa? Si watajua umefulia.)

Ndani nikafanya kazi yangu. Walianza na mitamba watano. Nikalia hali, nikataja ukame, nikataja ada za watoto ambao sina. Saa mbili nzima. Wakashuka hadi watatu. Baba wa binti akaanza kutikisa kichwa kukubali, nami nikapamba kidogo: "Wazee wetu, sisi hatukuja hapa kuwanyonya."

Taa ikazimika. Redio ikanyamaza.

Mama wa binti akaenda kuangalia mita. Uniti zimekwisha, na zilitakiwa zifike kesho. Akaufuata waya, taratibu, hadi kwenye pikipiki. Akarudi akasimama mlangoni.

"Wageni wetu hawanyonyi," akasema. "Wanachaji."

Mashangazi walicheka hadi mmoja akashika ukuta. Nikatoa simu haraka, ninunue uniti. Baba wa binti akanizuia kwa mkono, kwa adabu kabisa.

"Mkwe, kutoka hapa hadi Sakina si mteremko mtupu? Hiyo chaji ilikuwa ya kupandia wapi?"

Mimi, bingwa wa hesabu, nikarudisha simu mfukoni.

"Basi mitamba wawe wanne," akasema. "Wa nne ni wa umeme."

Baba mkubwa akakubali kabla sijafungua mdomo. Kisha akapanda basi.

Nimeteremka hadi nyumbani bila kutumia chaji yoyote ya maana. Lomayani anapiga simu, sipokei, kwa sababu nilishamtumia ujumbe mapema kwamba ni watatu. Nishaurini: huyu wa nne ni wa bwana harusi, ni wangu, au ni wa yule muuzaji wa Sakina?

Na kama kuna anayetaka pikipiki, ninayo. Haili mafuta kabisa.