Pingamizi Dhidi ya Neno "Kukimbia"

Kwa Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Makosa ya Barabarani,
Chumba cha pili kulia, chenye feni isiyozunguka.

Mheshimiwa Hakimu,

KUHUSU: KUOMBA NENO "KUKIMBIA" LIONDOLEWE KWENYE KOSA LANGU, FAINI IBAKI PALEPALE

Nakuandikia kwa heshima na taadhima, nikitumaini kwamba u mzima na kwamba ile chafya iliyokupata ghafla wakati kesi yangu inasomwa, ukalazimika kujifunika uso kwa kitambaa, imekwisha. Mimi ni yule fundi wa lifti mwenye shati la bluu, niliyeshitakiwa kwa kwenda kasi ya sabini na nane mahali penye kibao cha hamsini. Uliponiuliza kama nakubali kosa nilijibu kwamba nakubali faini ila neno silikubali. Watu walicheka, nawe ukaniambia kwa upole niyaweke maelezo yangu kwenye maandishi kwa kuwa nje kulikuwa na umati unangoja. Ndiyo haya.

Faini nimekwisha kuilipa na wala siidai. Ninachopigania ni sentensi moja. Notisi niliyoandikiwa inasema, nanukuu: "Dereva alionekana akikimbia kutoka Kwa Mwalimu." Sote mjini tunajua kwamba Kwa Mwalimu ni njia panda. Kituo cha basi kinaitwa hivyo, duka la dawa linaitwa hivyo, hata mgeni akielekezwa huambiwa ashuke Kwa Mwalimu. Lakini njia panda ile haikuliokota jina barabarani. Imeitwa hivyo kwa sababu ya mwalimu mstaafu wa Kiswahili anayekaa nyumba ya kona, yenye geti la kijani. Mwalimu huyo ni mama mkwe wangu, na Jumapili hiyo nilikuwa natoka kwake.

Mambo hayakuishia hapo. Gari ninaloendesha lilikuwa la baba mkwe. Tulipewa mimi na mke wangu baada ya msiba, na kadi yake bado ina jina la marehemu na anwani ya marehemu. Kwa hiyo notisi haikuja kwangu. Ilikwenda moja kwa moja nyumba ya kona, ikimtaka marehemu ajieleze kwa nini alikimbia kutoka Kwa Mwalimu. Mama mkwe akavaa miwani akaisoma. Huyu ni mama aliyefundisha Kiswahili maisha yake yote, Mheshimiwa, haachi neno likapita hivihivi. Alipomaliza alimpigia simu mke wangu akamwambia, "Mwambie mumeo asisumbuke tena kuja."

Asisumbuke! Wewe ni mtu mzima, bila shaka una wakwe. Unajua uzito wa neno hilo likitoka kwenye kinywa cha mkwe. Afadhali angenitukana.

Mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo linalonitisha. Alisema tu kwamba mahakama ikiandika kuwa sikukimbia, yamekwisha, na isipoandika nisimtajie tena mama yake. Sasa hivi anawatuma watoto waje kuniambia kwamba chakula kiko mezani, na mimi niko mezani. Naumia, Mheshimiwa, sitaki kukuficha. Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Neno lenyewe. Nakubali kwamba katika mazungumzo ya kawaida watu husema gari linakimbia, kama sisi mafundi tunavyosema lifti inapanda wakati haijakanyaga hata ngazi moja. Lakini notisi haikusema gari, ilisema dereva. Dereva nilikuwa nimekaa, tena nimefunga mkanda. Mtu aliyekaa, amefungwa kwenye kiti, anakimbiaje? Yule trafiki aliyeiandika alikuwa na maneno chungu nzima ya kuchagua. Angeweza kuandika nilionekana nikienda kasi. Angeweza hata kuandika nilionekana nikiwahi, na hilo lingenipendeza sana, kwa sababu mtu anayewahi anaheshimika, kuna jambo linamngoja mbele. Lakini ukisema fulani anakimbia, kila mtu anageuza shingo kutazama nyuma yake aone anafukuzwa na nini. Na nyuma yangu, Mheshimiwa, alikuwepo mama mkwe.

2. Picha. Hapa ndipo roho inaponiuma. Kamera yenu ilinipiga kwa mbele. Nipo mimi kwenye usukani, nyuma yangu geti la kijani, na getini amesimama mama mkwe na gauni lake la Jumapili, mkono juu, ananipungia. Alipomwonyesha mke wangu picha hiyo alisema maneno machache tu: "Hata mkono nilikuwa sijaushusha." Nimeyasikia maneno hayo kwa masikio ya mtu mwingine na bado yananichoma.

Hata hivyo naomba mahakama izingatie kwamba mama mkwe hupunga mkono kupita kawaida ya binadamu. Watu wengine humpungia mgeni mara mbili tatu wakarudi ndani. Yeye hupunga mpaka gari lipinde kona, vumbi litue, na wakati mwingine akampungia pia anayefuata, asiyemjua. Kupima mwendo wangu kwa mkono wake ni kunionea. Tena mwendesha mashtaka alidai kwamba katika picha ninacheka, akatumia neno "furaha" mbele ya watu. Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekunja uso kwa sababu ya jua, na kwetu uso ukikunjwa hutokea hivyo. Sisi ndugu wote tuko hivyo. Hata kwenye picha za msiba wa babu utadhani tunasherehekea.

3. Kamera inaona upande mmoja. Hili ni kosa la kitaalamu na nalisema kama fundi. Kamera yenu inawaona wanaotoka Kwa Mwalimu, haiwaoni wanaokwenda. Mimi ninapokwenda, Mheshimiwa, huenda kasi zaidi! Naapa. Kama mngeiweka ng'ambo ya barabara mngenikamata Jumapili zote za mwaka, na leo nyumbani kwangu kungekuwa na amani.

Ili nisiseme bila ushahidi, Jumapili iliyofuata nilikwenda mwenyewe mpaka kwenye njia panda, sikusogea getini kwa kuwa nilikwisha kuambiwa nisisumbuke. Nikapita mbele ya kamera kwa tisini kamili, nikielekea upande wa nyumba. Haikumulika. Nikageuza, nikarudi taratibu kama nabeba mayai nisije nikapigwa picha nyingine ya kukimbia, nikapita tena mbio. Wapi! Nilipokuwa narudi mara ya pili, trafiki alinisimamisha kwa kosa la kwenda polepole na kuzuia magari. Nikamweleza kila kitu kwa adabu, nikamwomba aniandikie notisi nyingine ya upande ule wa pili. Badala ya kuniandikia akaninusa mdomo.

Kwa hiyo naomba rasmi nishitakiwe kwa kosa hili jipya, nami nitalikubali hapohapo kizimbani bila kupoteza muda wa mtu. Sharti langu ni moja. Naomba liandikwe hivi: "Dereva alionekana akikimbilia Kwa Mwalimu." Ona tofauti, Mheshimiwa. Mtu humkimbia nyoka, lakini mzazi humkimbilia. Ni silabi moja tu, "li", na niko radhi kulipa faini mara mbili kwa ajili yake. Mama mkwe akiisoma sentensi hiyo ataelewa kabla hajavua miwani.

4. Swali la nilikokuwa nakwenda. Mwendesha mashtaka aliniuliza nilikuwa nawahi nini. Nilimjibu kama nilivyowajibu nyumbani, kwamba nilipigiwa simu kuna watu wamekwama kwenye lifti. Akauliza jengo gani, nikataja. Akasema jengo lile ni la ofisi tupu na Jumapili hufungwa. Nikamwambia mtu aliyekwama hachagui siku. Watu wakacheka tena, na jamaa mmoja wa nyuma, aliyeletwa kwa kosa la pikipiki, akapiga makofi kabisa. Nalalamika kwamba swali hilo halikuwa halali. Notisi inataja nilikotoka tu, haisemi nilikokwenda. Na yale maneno aliyoyasema jirani yangu mahakamani, kwamba dakika chache baadaye aliniona kwa kinyozi mbele ya televisheni na mechi ndiyo kwanza inaanza, naomba yatupwe. Jirani huyo na mimi tuna ugomvi wa mtaro wa maji machafu, kila mtu anajua.

5. Sababu ya kukimbia haipo. Hata akiletwa wakili wa namna gani, hatapata kwa nini nimkimbie mama mkwe. Ni kweli kwamba nikibisha hodi hunisahihisha kabla hajanifungulia. Ni kweli kwamba ujumbe ninaomtumia kwenye simu hunirudishia ukiwa na alama za kuuliza, na kwamba siku niliyomwandikia "tupo njiani twaja" alinijibu "mnakuja au mpo?" Ni kweli pia kwamba baada ya chakula hunipa gazeti nimsomee kwa sauti, na nikiteleza hata kwenye "r" moja ananiambia, "Rudia, mwanangu," mbele ya watoto wangu ambao nao wamejifunza kusema hivyohivyo. Mimi mtu mzima, ninayening'inia juu ya shimo la ghorofa kumi na mbili kwa kamba bila kutetemeka, nasimamishwa kwenye koma. Haya yote nayapenda. Nayaandika mara ya pili ili karani asidhani nimekosea: nayapenda.

Na sasa niseme bila utani. Nilipooa nilikuwa sina baba wala mama. Siku tuliyopewa gari, mama mkwe alinishika mkono akaniwekea ufunguo, akasema mbele ya ndugu wa marehemu waliokuwa wanalitaka, "Hili ni la mwanangu." Hakusema la mkwe. Kuna mjomba aliondoka kwa hasira siku hiyo na hajarudi mpaka leo. Sasa mama huyohuyo anakaa peke yake na picha ya gari hilohilo linamkimbia, na picha imegongwa muhuri wa serikali. Huo muhuri ndio unaoniua, kwa maana mdomo wangu haushindani nao.

6. Ninachoomba. Kwanza, neno lifutwe, na barua ya kulifuta ipelekwe nyumba ya kona na mtu aliyevaa sare, abishe hodi vizuri maana atasahihishwa. Pili, kama haiwezekani, sentensi ya "kukimbilia" iongezwe chini yake. Tatu, kama hilo nalo ni gumu, basi njia panda ibadilishwe jina. Iitwe Kwa Kinyozi, tena kinyozi yupo. Mtu akionekana anakimbia kutoka kwa kinyozi hakuna mama atakayelia. Nne, kama mahakama haina uwezo wa yote haya, naomba wewe mwenyewe uje siku moja unywe chai kwa mama mkwe, umweleze kwa kinywa chako. Utakaribishwa vizuri. Usije tu na gazeti.

Nisalimie karani wako mwenye sauti ya juu, na askari wa mlangoni aliyenishikia mwavuli nilipokuwa natafuta kitambulisho. Nisalimie yule wa pikipiki ukimwona tena, na nadhani utamwona. Hata mwendesha mashtaka msalimie, sina kinyongo naye, ila mwambie lifti ya jengo lenu inalia vibaya ghorofa ya tatu na kwamba asiipande na watu wengi. Watoto wangu wanakuamkia. Mama yao angekusalimia pia, lakini salamu zake siku hizi hazipiti kwangu.

Wako mtiifu, anayengoja neno lako,

Fundi wa lifti,
mkwe wa Mwalimu, kama bado.

Nyongeza: Mheshimiwa, barua hii imechelewa kukufikia kwa sababu mke wangu aliikuta mezani akaipeleka nyumba ya kona bila kuniambia. Mama mkwe aliisoma yote. Alilia. Akasema mtoto anayeandika hivi hajamkimbia mtu, na kwamba notisi ndiyo iliyokosewa. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Mke wangu sasa ananisemesha mwenyewe, tena kwa jina lile la zamani.

Jana jioni mama mkwe alihamia kwetu na mabegi matatu. Anasema kesi hii ni ya familia, na atakaa hapa mpaka siku ya hukumu ili aje kunitolea ushahidi. Nilimpigia simu karani wako, akaniambia kesi zenye pingamizi la maandishi huchukua mwaka mzima, na zikikatiwa rufaa hata miwili. Mama mkwe alikuwa karibu akasikia. Akasema hana haraka, amestaafu. Asubuhi hii amebandika ratiba kwenye mlango wa friji: imla kila jioni baada ya taarifa ya habari, nyumba nzima, na siku za mechi zimo.

Naandika haya upesiupesi wakati anaoga. Maji yamekatika, anatoka. Mheshimiwa, naondoa pingamizi langu lote, kuanzia la kwanza mpaka la sita. Yule trafiki ni mtu mwenye macho na notisi yake iko sahihi neno kwa neno. Nilikuwa nakimbia, na naomba nihukumiwe kesho asubuhi.